Protini unayokula inaishia wapi?

Jamaa yangu mmoja anayenyanyua vyuma alinitumia picha ya majibu yake ya maabara usiku, muda ambao watu wazima wamelala. Karatasi nzima safi, ila kwenye mstari wa urea, ile taka ya protini ambayo figo zinaitoa kwa mkojo, pembeni kuna ile herufi H ya "imezidi" imekolezwa. Chini ya picha kaandika: "Oya, figo ndo zinaondoka hivi?"

Nikamuuliza kreatinini, kile kipimo kingine cha figo, inasomaje. Kawaida. Maji unakunywa? Kimya. Kesho yake akarudi kwa daktari, daktari akamwambia figo zako ziko sawa, ila unakula protini nyingi mno na maji hunywi, punguza hiyo poda ya protini, kunywa maji, tutapima tena. Akatulia. Jioni akaniandikia: "Sasa kaka hebu nieleze kitu kimoja. Mi nakula protini nijenge mwili. Mbona inaishia chooni?"

Nikaanza kuandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Swali lenyewe la kitoto kabisa, lakini limenikaa kichwani wiki na wiki. Kwa sababu tulichofundishwa wote ni kilekile: protini inavunjwa kuwa amino asidi, amino asidi ni matofali, mwili unachukua matofali unajenga, kengele imelia twendeni nyumbani. Kwa mtoto anayekua hiyo hadithi inaenda. Ila jamaa yangu ana miaka thelathini na kitu na uzito wake ni uleule tangu mwaka juzi. Matofali yanaingia kila siku, nyumba haiongezeki hata chumba kimoja.

Yanakwenda wapi?

## Utumboni, haraka haraka

Hapa sikai sana. Asidi ya tumbo inaikunjua protini, pepsini inaanza kukata, kongosho linaleta tripsini na wenzake wanaendelea na kazi kwenye utumbo mwembamba. Kinachopita ukuta wa utumbo ni amino asidi mojamoja, au vipande vya mbilimbili na tatutatu ambavyo vingi navyo vinamaliziwa kukatwa ndani ya seli kabla ya kuingia kwenye damu.

Kitu kimoja tu ndo kilinisimamisha. Kongosho linaitengeneza tripsini ikiwa imefungwa, haina makali, mpaka ifike utumboni ndo inafunguliwa na kimeng'enya kingine kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo. Ikifunguka mapema inaanza kulila kongosho lenyewe, na aliyewahi kuuguza mtu wa kongosho anajua hayo maumivu yakoje. Sasa hao wakataji wenyewe ni protini. Wakimaliza kazi wanakatwa na wenzao, wanafyonzwa. Ongeza seli za ukuta wa utumbo zinazobanduka kila siku, unakuta makumi ya gramu za protini unazomeng'enya kwa siku hata hukuzila. Ni zako mwenyewe.

Nikasema ngoja kwanza. Kama utumbo tu unakula mwili wake na kuurudisha, huko kwingine je?

## Panya na nitrojeni nzito

Hadi miaka ya 1930 wanasayansi wengi walikuwa wanaamini kwamba mwili wa mtu mzima ukishajengwa umejengwa. Protini unayokula leo inachomwa, nitrojeni yake inatoka na mkojo, na mwili wenyewe unachakaa kidogokidogo tu pembeni. Yaani ule mtazamo wa jamaa yangu, chakula kinapita tu kinaenda chooni, ulikuwa ndo sayansi ya wakati ule!

Halafu akaja Rudolf Schoenheimer. Mjerumani, Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika nchi, akatua Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Pale palikuwa na Harold Urey, yule aliyegundua hidrojeni nzito na kupata Nobel mwaka 1934, na maabara yake ilikuwa inajua kutenganisha atomu za aina moja zenye uzito tofauti. Nitrojeni ya kawaida ina uzito wa 14. Kuna ndugu yake adimu wa 15. Kwenye kemia wanafanya kazi ileile, mwili hauwabagui, lakini mashine ya kupima inawatofautisha. Kwa hiyo unaweza kuitia alama amino asidi, ukamlisha mnyama, ukaenda kuitafuta ilikoishia.

Schoenheimer na David Rittenberg na wenzao wakachukua amino asidi moja, leusini, wakaitia nitrojeni nzito, wakawalisha panya wakubwa ambao hawakui tena, kwa siku chache. Kama mawazo ya zamani yalikuwa sahihi, karibu alama yote ilitakiwa ionekane kwenye mkojo.

Kwenye mkojo haikufika hata theluthi.

Zaidi ya nusu ilikutwa imejengewa ndani ya protini za panya wenyewe, kwenye ini, figo, utumbo, damu, mpaka misuli. Na panya hawakuongezeka uzito. Hebu ikae kidogo hiyo, maana mimi niliirudia kuisoma mara nyingi: mpya imeingia ukutani na nyumba haijaongezeka, maana yake ya zamani imetolewa. Wakati wote. Kwa mnyama mzima asiye na ugonjwa wowote.

Halafu kuna kijambo kidogo ambacho mi ndo kinanikosha zaidi. Walipozitenganisha amino asidi za panya mojamoja, wakakuta ile alama haijabaki kwenye leusini tu. Nitrojeni nzito imesambaa kwenye karibu amino asidi zote nyingine. Isipokuwa lisini, yenyewe iligoma. Maana yake amino asidi zinapeana nitrojeni, hii inavua ile inavaa, kabla hata ya mtu kufikiria kujenga chochote. Hapo habari ya matofali kwangu ikafa rasmi.

Schoenheimer hakuishi kuona wazo lake linavyokubalika. Alikufa Septemba 1941 akiwa na miaka 43, na mihadhara aliyokuwa ameiandaa ikachapishwa mwaka uliofuata.

## Mbona unabomoa kitu kizima?

Mtu mzima wa kilo 70 anajenga na kubomoa kama gramu 250 hadi 300 za protini kwa siku. Anakula labda 70, labda 100. Yaani amino asidi nyingi zinazozunguka mwilini mwako saa hizi hazijatoka kwenye sahani, zimetoka kwenye wewe.

Hapo ndo nilikwama kabisa. Kwa sababu kuijenga protini ni gharama, kila amino asidi unayoiunga kwenye mnyororo inakula nishati, sasa mwili wenye akili timamu unabomoaje kitu ambacho umekilipia na bado kinafanya kazi? Nikawa najiambia labda ni zile zilizochakaa tu. Lakini hesabu haikai, ni nyingi mno, haziwezi kuwa zote mbovu.

Na ikaongezeka ya pili. Mwaka 1953 mtafiti Melvin Simpson alikata vipande vyembamba vya ini na kukuta kwamba hata kubomoa kunahitaji nishati. Hii haiingii akilini kirahisi. Kuvunja protini ni kazi inayotakiwa iende yenyewe, tripsini utumboni inakata bila kulipwa hata senti. Kwa nini ndani ya seli ulipie kubomoa?

Jibu lilichukua miaka mingi na likaleta Nobel ya kemia ya 2004 kwa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose. Ndani ya seli kuna kiprotini kidogo cha amino asidi 76 tu kinaitwa ubikwitini. Protini ikitakiwa kuondoka inabandikwa ubikwitini, sio moja, mnyororo mzima. Ikishabandikwa inapelekwa kwenye kitu chenye umbo la pipa, proteasomu, inaingizwa ndani, inakatwakatwa, na ubikwitini zenyewe zinabanduliwa salama zikatumike tena. Nishati inalipiwa kwenye kubandika, na kwenye kuifungua protini iingie. Ni gharama ya kuchagua nani aondoke. Tripsini haichagui, ndo maana ni bure, na ndo maana inafungiwa mpaka utumboni.

Ukishaelewa hivyo ubomoaji hauonekani tena kama hasara. Seli inaendeshwa na protini, na protini usiyoweza kuiondoa huwezi kuizima. Kuna kimeng'enya cha kwenye ini, onithini dikaboksilesi, nusu yake inatoweka ndani ya dakika chache tu, hata nusu saa haifiki, kwa sababu kinahusika na ukuaji wa seli na seli haitaki kibaki kinawaka bila sababu. Albumini ya damu inakaa kama wiki tatu kabla nusu yake haijaondoka. Kolajeni miaka. Protini za katikati ya lenzi ya jicho haziondoki kabisa, ulizotengenezewa tumboni kwa mama yako ndo hizohizo unasomea hapa, na mtoto wa jicho uzeeni unahusiana sana na hizo protini kuharibika bila kubadilishwa.

Yaani sehemu usiyoibomoa ndo inayozeeka vibaya.

## Shida ni nitrojeni

Turudi chooni, maana swali lilikuwa chooni.

Mafuta yakizidi mwili unayo mahali pa kuyaweka, na wengi wetu tunapajua. Sukari ikizidi inawekwa kidogo kwenye ini na misuli. Amino asidi zikizidi hakuna pa kuziweka. Hakuna. Zinazotumika zitumike, zinazobaki zivunjwe leo hii. Sehemu yake ya kaboni haina tatizo, inachomwa kama chakula kingine chochote, au inageuzwa sukari, au ikizidi sana inaelekea kwenye mafuta. Tatizo ni ile nitrojeni. Haichomeki. Na ukiitoa hivihivi inakuwa amonia, na amonia ni sumu ya ubongo.

Samaki wengi hawana shida, wanaiachia majini inapotea. Sisi wa nchi kavu tungehitaji maji mengi ajabu kuizimua.

Kwa hiyo mwili unaishika nitrojeni kwa mikono miwili muda wote. Kwanza amino asidi inavuliwa nitrojeni yake na kuipa nyingine, kwa msaada wa vitamini B6, mpaka nyingi inajikusanya kwenye amino asidi moja inayoitwa glutamati. Kazi hii ilielezwa mwaka 1937 na Alexander Braunstein na Maria Kritzmann wa Moscow. Na vimeng'enya vinavyofanya huo uhamisho unavifahamu hata kama hujui unavifahamu: ni zile ALT na AST kwenye majibu ya ini. Zikionekana nyingi kwenye damu ni kwamba seli zilizokuwa nazo zimeumia zikamwaga. (Mi miaka yote nilidhani zilitengenezwa kwa ajili ya kupimia ini, eti.)

Halafu kwenye ini glutamati inaachia amonia, na hapohapo inadakwa kuingizwa kwenye mzunguko wa urea. Huu aliugundua Hans Krebs na mwanafunzi wa udaktari Kurt Henseleit mwaka 1932, tena kwa vipande vya ini vilevile. Walikuwa wanajaribu kuongeza kitu hiki na kile waone urea inaongezeka lini. Wakaweka amino asidi inaitwa onithini, urea ikapanda sana. Kawaida ungesema basi onithini ndo inageuka urea. Lakini urea iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko nitrojeni ya onithini waliyoweka, na onithini yenyewe ilikuwa bado ipo. Haikuliwa. Ilikuwa inapokea, inapeleka, inarudi kupokea tena. Ndo ukawa mzunguko.

Kila urea moja inaondoka na nitrojeni mbili, na mwili unailipia. Inaenda kwenye damu, figo zinaitoa.

Kwa hiyo jamaa yangu nilimjibu hivi: haukojoi protini, unakojoa nitrojeni ya protini. Kilichobaki umeshakichoma. Na ingekuwa protini yenyewe ndo inaonekana kwenye mkojo, mkojo una povu jingi halitulii, basi hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo ndo unauliza figo na hapo unaenda hospitali, hausubiri ushauri wa mtu wa blogu.

Akajibu: "Kwa hiyo poda yangu ni kuni za bei ghali."

Kwa sehemu, ndiyo.

## Hesabu ya nitrojeni

Uzuri wa nitrojeni ni kwamba inahesabika. Protini kwa wastani ina asilimia 16 ya nitrojeni, kwa hiyo gramu moja ya nitrojeni inayotoka ni kama gramu 6.25 za protini iliyovunjwa. Pima inayoingia, pima inayotoka, utajua mwili unajenga au unajila.

Kwa njia hiyo William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyeitambua amino asidi treonini mwaka 1935, aliwalisha wanafunzi wa kujitolea chakula ambacho badala ya protini kina amino asidi zilizopimwa, akawa anatoa moja baada ya nyingine. Ukitoa moja kati ya zile za lazima, yaani ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ndani ya siku chache nitrojeni inayotoka inazidi inayoingia. Zile zingine zote zipo mezani lakini hazina kazi, ujenzi umesimama kwa kukosa moja, basi zinavunjwa, nitrojeni inatoka.

Na kwa hesabu hiyohiyo miaka ya 1960 George Cahill na wenzake wa Boston waliwafuatilia watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Siku za mwanzo mwili unapoteza kama gramu 12 za nitrojeni kwa siku, piga hesabu, ni kama gramu 75 za protini, na nyingi inatoka kwenye misuli, kwa sababu ubongo unataka sukari na mafuta hayageuki sukari kirahisi. Msuli unavunjwa, ini linageuza sukari. Baadaye ubongo unajifunza kutumia ketoni zinazotokana na mafuta na upotevu unashuka mpaka gramu 3 au 4. Lakini haufiki sifuri. Ubomoaji hauna likizo.

Hapo ndo nilielewa kwa nini mtu anayejinyima kula ili akonde huku anabugia poda ya protini anashangaa misuli haiji. Nishati ikipungua sehemu kubwa ya hiyo protini inaingia motoni. Na hata ukila vya kutosha, msuli haujengwi kwa sababu matofali yamefika, unajengwa kwa sababu umefanyishwa kazi na umepewa ishara, leusini ikiwa mojawapo. Kiwango cha WHO na FAO cha mwaka 2007 kwa mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili. Wanaonyanyua vyuma, uchambuzi mkubwa wa 2018 ulikuta faida kwenye misuli inakoma kuonekana karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Jamaa yangu alikuwa anapita hapo kwa mbali. Wazee nao wanahitaji zaidi kidogo ya kile kiwango cha chini, maana misuli yao inaitikia ishara kwa uvivu, na hilo halisemwi vya kutosha, tunawasukumia uji tu.

## Watoto wasio na mlango

Nilidhani nimemaliza, mpaka nikakutana na hawa.

Kuna watoto wanazaliwa na kimeng'enya kimoja cha mzunguko wa urea hakifanyi kazi. Tumboni hana shida, amonia yake inapita kwenye kondo la nyuma na mwili wa mama unaiondoa. Anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya. Ndani ya siku chache analegea, anakataa ziwa, anatapika, analala usingizi usioamshika. Ukipima amonia, imepaa. Zamani wengi walikuwa wanakufa na watu wanadhani ni maambukizi ya damu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saul Brusilow na wenzake wa Johns Hopkins walikuja na wazo ambalo mi naona ni la kijanja kuliko yote kwenye makala hii. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba ukimpa mtu kemikali inayoitwa benzoeti, mwili unaiunganisha na amino asidi glisini na kuitoa kwenye mkojo. Kila mtu aliiona kama njia ya mwili kuondoa benzoeti. Brusilow akaisoma kinyume: hii pia ni njia ya kuondoa glisini, na glisini ina nitrojeni. Benzoeti moja inatoka na nitrojeni moja. Kisha wakaongeza kemikali nyingine, fenilasetati, yenyewe inashikana na amino asidi glutamini, na glutamini ina nitrojeni mbili. Sawasawa na urea. Kwa watoto ambao mlango umefungwa, walitoboa dirisha.

Bado wanahesabiwa protini maisha yao yote. Na hapa wazazi wanaambiwa kitu ambacho mwanzoni kinawachanganya, kwamba usimzidishie protini lakini usithubutu kumnyima. Ukimnyima, au akishikwa na homa akashindwa kula siku mbili, mwili unaanza kuvunja misuli yake kutafuta nishati, na nitrojeni ya msuli inageuka amonia kama ya chakula tu, haina tofauti. Kwa hiyo homa ambayo kwa mtoto mwingine ni ya kulala na kunywa maji, huyu anakimbizwa hospitali anatundikiwa dripu ya sukari nzito, mwili upate cha kuchoma, upunguze kubomoa.